Kigego wa Jana, Shoga wa Leo: Swali Ambalo Wapare Walishawahi Kulijibu

Ukishuka basi Same mjini, na joto lake lile la kukausha koo, nyanyua macho uangalie milima. Ule ndio Upare wa Kusini. Huko juu, karibu na msitu wa Shengena, kuna Mbaga, na watalii wanapanda kufuata baridi, kijani na njia za kutembea kwa mguu. Halafu mwongozaji anawapeleka kwenye jiwe moja linaloitwa Malameni. Hapo kelele zinapungua.

Kwenye jiwe hilo, simulizi za Mbaga zinasema, ndiko walikouawa watoto wa mkosi, na mambo hayo yaliendelea mpaka miaka ya 1930. Miaka mia haijafika, yaani ni enzi za babu wa babu yako.

Mkosi ulikuwa nini? Mtoto kuota meno ya juu kabla ya chini. Huyo aliitwa kigego, na neno hilo lipo kwenye kamusi ya Kiswahili hadi leo, kwa sababu Wapare hawakuwa peke yao. Jamii kibao za pwani na bara ziliamini hivyo hivyo, na mapacha nao kuna sehemu hawakusalimika. Mtoto hajaiba, hajamtukana mtu. Meno tu yametangulia juu.

Sasa usikimbilie kusema wale wazazi walikuwa makatili. Walimpenda mtoto wao kama mama yeyote. Ila walikuwa wameambiwa kwamba akiachwa hai, balaa litaushukia ukoo mzima, ugonjwa na njaa na vifo. Kwa hiyo mtoto mmoja akaonekana ni gharama ndogo. Hofu ndiyo iliyobeba watoto kwenda Malameni, na hofu ikishakaa kwenye ukoo huwa haiitwi hofu tena, inaitwa mila.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Upare mwanzoni mwa karne ya 20, na Wasabato wakafuata 1903. Mmoja wa wale wa Leipzig, Jakob Dannholz, alikaa Mbaga na kuandika kitabu kizima kuhusu imani za Wapare. Kisome kwa tahadhari, maana jamaa alimwona shetani kila kona, hata pale palipokuwa na utaratibu wa watu tu na tambiko lao. Lakini kwenye suala la watoto, kanisa lile changa lilisimama mahali ambapo ni ngumu kulilaumu: huyu mtoto ni wa Mungu, mpeni jina, abatizwe, aishi. Waumini wa kwanza waliokubali hilo walikuwa wanawakosea wazee wao hadharani. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Leo Same ina makao makuu ya Dayosisi ya Pare ya KKKT na ni jimbo la Kanisa Katoliki pia. Na swali la mkosi limerudi mlangoni kwa sura nyingine: kijana aliyelelewa Sunday school, kaimba kwaya, kapata kipaimara, halafu nyumbani ikajulikana kwamba anapenda mtu wa jinsia yake. Baba anasema nini? Mara nyingi anasema kile kile cha Malameni: utaleta laana kwenye ukoo.

Upande wa kanisa historia iko wazi. Mwaka 2009 Walutheri wa Marekani (ELCA) waliruhusu wachungaji wanaoishi kwenye mahusiano ya jinsia moja, na Kanisa la Sweden likaamua kufungisha ndoa hizo. Hao ni marafiki wa KKKT wa miaka mingi. Januari 2010 maaskofu wa KKKT wakajibu kwa Tamko la Dodoma: hapana, ndoa ni ya mume na mke, na walio kwenye ndoa hizo au wanaozitetea wasialikwe kufanya kazi kwenye kanisa la Tanzania. Ethiopia kanisa la Mekane Yesus lilienda mbali zaidi, 2013 likakata kabisa uhusiano na Wasweden na Wamarekani hao.

Ukilisoma tamko lile utaona lilikuwa linajibizana na Ulaya na Marekani kuhusu ndoa na madhabahu. Kijana wa Same hajaomba harusi. Anachouliza ni kama Jumapili anaweza kukaa kwenye benchi lake la siku zote.

Tena anauliza akiwa na sheria mgongoni. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa miaka 30 hadi maisha, na mzizi wake ni sheria ya mkoloni Mwingereza. Wanaosema ushoga umeletwa na wazungu huwa wanasahau kwamba jela yake ndiyo yenye cheti cha kuzaliwa London. Papa Francis, mapema 2023, alisema wazi kwamba kuwa shoga si kosa la jinai, na akalirudia wazo hilo kwenye ndege akitoka Kongo na Sudan Kusini, akiwa na Askofu Mkuu wa Canterbury. Mafundisho ya kanisa lake kuhusu ndoa hakuyabadilisha. Wengi wanadhani haya mawili lazima yaende pamoja, na hapo ndipo mjadala wetu huwa unaharibikia.

Biblia yenyewe? Wanaokataa wana Walawi na Warumi 1, na hawajazitunga. Ila ipo pia habari ya towashi Mwethiopia, Matendo 8. Torati, Kumbukumbu 23, ilimfungia mtu wa aina yake nje ya kusanyiko. Filipo akapanda kwenye gari lake, wakasoma Isaya pamoja, walipofika kwenye maji akambatiza. Mwafrika anayebatizwa kwenye habari hiyo ni mtu ambaye sheria ilishamkataa kwa sababu ya mwili wake.

Uganda kuna mzee aliyeyabeba haya maishani mwake: Christopher Senyonjo, aliyezaliwa 1931, askofu wa Anglikana wa West Buganda hadi alipostaafu 1998. Mzee wa ndoa, wa watoto na wajukuu. Baada ya kustaafu akafungua huduma ya ushauri Kampala, na mwaka 2001 wakamjia vijana mashoga waliokata tamaa. Aliwasikiliza, akawaambia Mungu anawapenda. Kanisa lake likamtaka awaambie waache kwanza. Akagoma. Akazuiwa kuhudumu, mafao yake yakakatwa, marafiki wakapungua.

Januari 26, 2011, mwanaharakati David Kato aliuawa kwa nyundo nyumbani kwake Mukono, miezi michache tu baada ya gazeti moja kuchapa picha yake chini ya maneno ya kutaka watu kama yeye wanyongwe. Mtu mmoja alifungwa miaka 30 kwa mauaji hayo, na polisi walisema hayakuhusiana na harakati zake. Mazishi yakafanyika kijijini. Mchungaji wa Anglikana akashika maikrofoni akaanza kuwahubiria waombolezaji kwamba watubu, vurugu ikazuka, wanakijiji wakakataa kuzika.

Wapare wanajua uzito wa kuzikwa bila mchungaji. Mtu anaweza kudaiwa ahadi miaka mitano asishtuke, lakini akisikia hatozikwa na kanisa, anazitafuta hela usiku huo huo.

Siku ile marafiki wa Kato, wengi wao mashoga, waliliinua jeneza wenyewe hadi kaburini. Aliyesimama pale kumwombea alikuwa Senyonjo, mzee wa karibu miaka 80, amevaa mavazi yake ya uaskofu.