Shajara za Krapf na walimu wake waliosahaulika

Muulize mwanafunzi wa Kiswahili, awe Kachibora au Kisauni, ni nani aliyeandika kamusi kubwa ya Kiswahili katika karne ya 19. Hapana shaka atamtaja Johann Ludwig Krapf. Sasa muulize ni nani aliyemfundisha Krapf Kiswahili. Kimya! Ili kulijibu swali hilo, yafaa turudi kwenye maandishi ya binafsi ya mmisionari huyo, yaani shajara na barua zake.

Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alihamia Mombasa mwaka wa 1844. Juni mwaka huo alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo. Julai akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, naye mwenyewe akiwa hoi kwa homa. Katika barua kwa wakubwa wake London alilitaja kaburi hilo kama ishara kwamba kazi ya Afrika Mashariki imeanza. Ni maandishi ya mtu aliyeumia, na msomaji hana budi kumhurumia.

Hata hivyo, huruma isitufumbe macho. Shajara zizo hizo zinatuambia kwamba tafsiri ile hakuifanya peke yake. Alisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa. Hebu fikiria: mwanachuoni wa Kiislamu ameketi na kasisi wa Kikristo, wanatafuta neno litakalofaa. Sura 3 za mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka wa 1847, zikajulikana kuwa kazi ya Krapf. Kadhi akabaki pembeni.

Mambo yalikuwa hayo hayo kule Rabai, ambako Krapf alianzisha kituo mwaka wa 1846 pamoja na Johannes Rebmann. Rebmann alijifunza Kinyanja kutoka kwa mtumwa aliyeitwa Salimini, akatunga kamusi iliyochapishwa 1877. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf nayo ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Humo mna mifano ya sentensi na maelezo ya desturi za watu. Sentensi hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Kulikuwa na mtu aliyezitamka, akaulizwa maana, akarudia tena na tena mpaka mgeni akaelewa. Huyo alikuwa mwalimu, hata kama hakushika chaki.

Wapo watakaodai eti Waswahili hawakuwa na maandishi. Wapi! Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate zaidi ya miaka 100 kabla ya Krapf kutia mguu Mombasa, tena ukaandikwa kwa hati za Kiarabu. Krapf mwenyewe alikusanya miswada ya tenzi na kuipeleka Halle, Ujerumani. Lakini kuhusu vikao vile vya kutafuta maneno, tunachosoma leo ni shajara ya mwanafunzi, si ya mwalimu.

Simlaumu Krapf kwa kuandika. Laiti wengi wangeandika kama yeye! Ninachosema ni kwamba shajara ni shahidi wa upande mmoja. Krapf alikuwa mhubiri, na aliwaandikia pia watu waliogharimia safari zake. Kwa hiyo tumsome mara mbili: kwanza tusikie alilosema, kisha tutafute aliyekuwa akimjibu.

Somo hili linatuhusu hata huku mbali na bahari. Kachibora, Kitale na Bungoma wapo walimu wastaafu walioona Kiswahili kikiwakutanisha Mbukusu, Mkalenjin na Mturkana sokoni na darasani. Wanakumbuka vitabu walivyofundishia, maneno yaliyowatatiza wanafunzi, na adhabu alizopewa mtoto aliyeponyokwa na lugha ya mama shuleni. Hayo hayamo katika silabasi wala ripoti za ukaguzi. Wakiondoka nayo, mtafiti wa kesho atategemea atakachoandika mgeni aliyepita kwa wiki mbili.

Shaaban Robert alituachia Maisha Yangu, naye mwalimu James Mbotela akatuachia Uhuru wa Watumwa. Hawakungoja mtu mwingine awasimulie. Mwalimu mstaafu unayesoma safu hii, daftari moja la kurasa 96 linatosha kuanzia. Andika tarehe, andika neno, andika na jina la aliyekufundisha neno hilo.