Dirisha Limefungwa, Ndani Bado Kuna Mtu

Ukibofya alama ya X kwenye kona ya dirisha la Windows, wadhani umetoa amri. Kumbe umebisha hodi tu. Programu hupokea ujumbe uitwao WM_CLOSE, kisha huamua yenyewe: iondoke, ikuulize kwanza kama barua uliyoiandika ihifadhiwe, au ijifanye haikusikia. Utaratibu huo ni wa tangu Windows ya kwanza, Novemba 1985.

X yenyewe ilichelewa miaka kumi. Kwenye Windows 3 ulifunga dirisha kwa kubofya mara mbili kisanduku cha kona ya kushoto, au kwa kubonyeza Alt na F4 pamoja. Alama ya X ilikuwa imeshazoeleka kwa wenye kompyuta za Atari ST na baadaye wenye NeXT. Windows 95 ilipotoka, tarehe 24 Agosti 1995, ikaiweka kulia kabisa, bega kwa bega na kitufe cha kukuza dirisha. Sijui nani aliona ujirani huo ni salama. Kidole kikiteleza kidogo, lile swali la kuhifadhi ndilo linalokuokoa.

Macintosh ya 1984 ilikuwa na mila nyingine. Kisanduku chake cha kufungia kilikaa kushoto, na ukikibofya dirisha lilitoweka lakini programu ikabaki. Sababu iko juu ya skrini: menyu za Macintosh hazikai ndani ya dirisha, zinakaa kwenye ukingo wa juu, hivyo programu isiyo na dirisha bado ina pa kushikiwa. Kuitoa kabisa kulihitaji amri yake. Tena kuirudisha kutoka kwenye diskete kulikula muda, basi afadhali ibaki. Kwenye Windows menyu zimo ndani ya dirisha. Likienda, zimeenda nalo. Ndiyo maana hadi leo anayehamia Mac hushangaa kukuta programu alizodhani amezifunga zote ziko macho.

Mfumo wa madirisha uitwao X, ulioanzia chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1984, uliongeza utata. Humo fremu na vitufe vyake huchorwa na programu nyingine kabisa, msimamizi wa madirisha. Msimamizi akikata mawasiliano ghafla, programu hufa na kazi yako mikononi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yakawekwa makubaliano: programu itakayojiandikisha kwa WM_DELETE_WINDOW itaarifiwa kwanza. Isiyojiandikisha isilalamike.

Lugha ya programu ya Java ndiyo iliyowatoa jasho wanafunzi. Katika toleo la kwanza, Januari 1996, ulibofya X na hakuna kilichotokea. Ilibidi uandike mwenyewe mistari ya kuipokea. Swing, maktaba ya madirisha iliyoingia rasmi na Java 1.2 mwaka 1998, ililificha dirisha tu. Skrini tupu, programu ingali hai kwenye kumbukumbu, na mwanafunzi akiijaribu mara sita ana sita zinazopumua kimyakimya. Waundaji wake walikuwa na hoja: maktaba itajuaje kama dirisha hili ndilo nyumba nzima au ni chumba kimoja? Lakini hoja nzuri haimsaidii mtu anayeanza.

Mwaka 2000 Java 1.3 ikaleta EXIT_ON_CLOSE. Mstari mmoja, X ikatii, na vitabu vya mafunzo vikaupokea kwa mikono miwili. Kisha mwanafunzi yuleyule akaongeza dirisha la pili, dogo, la kuonyesha matokeo, akalipachika mstari uleule. Akalifunga dogo, kubwa nalo likaondoka, pamoja na kila alichokuwa amekijaza: mstari huo huzima programu nzima, si dirisha moja.

Dawa yake ilikuwapo, DISPOSE_ON_CLOSE, inayoondoa dirisha moja bila kugusa mengine. Kasoro yake ilikuwa kwamba hata dirisha la mwisho likiondoka, Java ilibaki inaendelea. Toleo la 1.4, mwaka 2002, likarekebisha: pasipokuwa na dirisha wala kazi nyingine inayosubiri, Java huzima taa na kutoka yenyewe.