Mtu aliyeajiriwa kwa sababu hajui

Kompyuta za shuleni kwetu zilikuwa zimechoka. Zilikuja kama msaada, plastiki yake ilishageuka njano kabla sisi hatujafika kidato cha kwanza. Ukiwasha, kabla Windows haijajitokeza, skrini nyeusi iliandika kwa herufi nyeupe: Phoenix - AwardBIOS. Kisha ikalalamika kwamba betri ya ndani imekufa, tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, bonyeza F1 uendelee. Tukabonyeza F1 kwa miaka minne na hakuna aliyeuliza huyo Phoenix ni nani.

Juzi nikauliza. Nilichokikuta kimenigusa kama mwandishi wa habari kuliko kama mtumiaji wa kompyuta. Subiri utaona kwa nini.

Kwanza tuelewane BIOS ni kitu gani. Ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ndani ya mashine. Ndiyo inayoamka kwanza, inakagua kumbukumbu, inatafuta kibodi na diski, kisha inaiita programu kubwa ije kazini. Ichukulie kama tarishi wa ofisi za zamani. Bosi hatoki kitini kwake. Akitaka faili anamtuma tarishi, na tarishi ndiye anayejua kabati liko wapi. Programu nazo zilimtuma BIOS: andika herufi hii, soma kipande kile cha diski. Ukibadili tarishi ukaleta asiyeijua ofisi, kazi zinasimama.

Sasa twende Marekani. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM walitoa kompyuta yao ndogo, IBM PC. Walikuwa na haraka, hivyo waliijenga kwa vipande ambavyo mtu yeyote aliweza kuvinunua. Ubongo wake ulikuwa 8088 ya Intel. DOS ilitoka Microsoft, na Microsoft walijibakizia haki ya kuwauzia wengine. Ukiondoa nembo na sanduku, kitu cha IBM kilichokuwa kigumu kukipata dukani kilikuwa yule tarishi, BIOS, yenye ukubwa wa kilobaiti 8 tu.

Na hawakuificha! Waliichapisha yote, mstari kwa mstari, kwenye kitabu chao cha mafundi. Ukarimu? Labda. Lakini ulikuwa na mtego ndani yake. Ukishasoma kitabu kile kisha ukaandika BIOS yako, IBM watakuuliza mahakamani: utathibitishaje kwamba hukunakili?

Hapa naomba nitoke nje ya njia kidogo. Mwaka wangu wa kwanza gazetini niliandika habari ya mtaa uliokaa wiki kadhaa bila maji. Kwa haraka nikakosea jina la mwenyekiti wa mtaa, nikaruka herufi moja. Siku mbili baadaye gazeti jingine (silitaji) lilitoa habari ileile, na mwenyekiti akakosewa jina kwa herufi ileile. Nilikasirika mpaka mhariri wangu akacheka. Akaniambia, maji hayakutoka kwa watu wote, hiyo si mali yako. Lakini kosa ni lako peke yako, hilo wamekuibia.

Kumbe mhariri alikuwa anafundisha sheria ya hakimiliki ya Marekani bila kujua. Kampuni ya Franklin ilitengeneza kompyuta iliyofanana na Apple II. Apple wakaifungua, na ndani ya programu za Franklin wakakuta jina la mtunzi wao wenyewe wa programu, pamoja na neno Applesoft. Franklin hata hawakukana kunakili. Walijitetea kwamba programu iliyo ndani ya chipu hailindwi na hakimiliki, na kwamba bila kunakili mashine yao isingeelewana na programu za Apple. Agosti 1983 mahakama ya rufaa iliwakatalia: programu iliyo kwenye chipu inalindwa.

Hukumu hiyo ilitisha watu. Corona na Eagle, kampuni mbili zilizokuwa zikiuza mashine zinazofanana na za IBM, zilishtakiwa na IBM mwaka 1984 kwa ajili ya BIOS zao, zikakubali kuziacha. Compaq ya Houston ilinusurika kwa sababu ilijiandikia yake kwa uangalifu mkubwa, kazi iliyogharimu takriban dola milioni moja. Mwaka wake wa kwanza sokoni, 1983, iliuza mashine 53,000. Lakini tarishi wa Compaq alikuwa wa Compaq tu. Kampuni ndogo isiyo na milioni ya kutupa ilikuwa haina pa kwenda.

Ndipo anapoingia Phoenix. Kampuni ilianzishwa mwaka 1979 na Neil Colvin, huko Massachusetts, na haikuuza kompyuta. Walichofanya ni kugawa watu. Kundi la kwanza lilisoma BIOS ya IBM yote, kisha likaandika maelezo ya kazi zake: ukiitwa hivi, jibu hivi, ukipewa namba hii, rudisha ile. Hakuna mstari wa IBM ulioruhusiwa kuvuka. Upande wa pili wakamweka mtunzi wa programu aliyezoea chipu za Texas Instruments, ambaye hakuwahi kufanya kazi na chipu za Intel kabla ya hapo. Akapewa maelezo yale na kuambiwa andika. Mawasiliano kati ya pande mbili yakawekwa kwenye maandishi ili siku ya kesi yatolewe.

Hebu fikiria usaili wa kazi hiyo. Sisi tunatembea na vyeti mpaka bahasha zinachanika, mwenzetu sifa yake kubwa ilikuwa kutojua. Kama angekuwa amewahi kupekua kile kitabu cha IBM hata mara moja, asingefaa tena.

BIOS ya Phoenix ilitangazwa Mei 1984, ikiwa na bima ya dola milioni 2 dhidi ya mashtaka ya hakimiliki. Tofauti na Compaq, wao walimuuzia yeyote aliyelipa. Basi kila mwenye karakana, Taiwan, Korea, popote, akanunua chipu kwa Intel, DOS kwa Microsoft, tarishi kwa Phoenix, akawa na kompyuta. Wapinzani wakafuata, Award na American Megatrends, bei zikazidi kushuka. Mwaka 1987 IBM walijaribu kuwarudisha watu zizini kwa mashine za PS/2 zenye njia mpya za ndani, wengine wakakataa kuzifuata. Kwetu Tanzania, kompyuta zilikuwa zimepigwa marufuku kuingizwa tangu 1974. Mlango ulipofunguka miaka ya 1990, nyingi zilizoingia zilikuwa hizi za ukoo wa tarishi wa kuajiriwa.

Je, ulikuwa wizi? Nimelifikiria sana swali hili, nikimkumbuka mwenyekiti wangu wa mtaa. Maneno ya IBM hayakuchukuliwa. Lakini mpangilio wa kazi, nani aitwe kwa namba gani na ajibu nini, ulibuniwa na watu wa IBM waliokesha, na Phoenix waliuchukua wote. Mimi nasimama na Phoenix, kwa sababu bila hivyo aliyetangulia angefunga barabara nzima. Ila sisemi kwamba walikuwa watakatifu. Walikuwa na wanasheria wazuri.

Mambo yaliyofuata ni ya haraka. Mwaka 1998 Phoenix waliunganishwa na Award, ndiyo maana skrini ya shuleni ilikuwa na majina mawili. Mwaka 2005 IBM walikamilisha kuiuzia Lenovo biashara yote ya kompyuta ndogo. Mwaka huohuo kampuni kadhaa ziliunda jukwaa la UEFI, kanuni mpya za kuchukua nafasi ya BIOS. Phoenix walijaribu bidhaa nyingine, HyperSpace, wakaiuza kwa HP mwaka 2010 kwa dola milioni 12, na mwaka huohuo kampuni yenyewe ikanunuliwa na Marlin Equity Partners.

Jana nimezima laptopu ya ofisini, nikaiwasha huku nimekandamiza F2. Ndani ni UEFI tupu, na panya inafanya kazi. Juu kabisa bado wameandika BIOS.