Jina Lako Liko Kwa Ubao

Siku ya kufunga shule, mwalimu mkuu alikuwa akitoka ofisini na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya matokeo: jina, alama, nafasi. Ya pili ilikuwa ya wenye deni la karo. Hiyo ilisomwa paredi, halafu zote mbili zikabandikwa kwa ubao wa matangazo. Mimi nilikuwa kwa ile ya pili. Hadi leo nikikutana na mtu tuliyesoma naye, huwa najiuliza kama anakumbuka.

Hakuna aliyeona kosa. Tangu KCPE ianze 1985 na KCSE 1989, matokeo yalikuwa sherehe ya taifa: waziri anatangaza, magazeti yanachapa majina na picha za waliong'ara, wanabebwa juu juu. Walioanguka nao walijulikana mtaani, maana orodha ya shule haikuacha mtu. Wizara ilipopiga marufuku kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi mwaka wa 2014, wengi walilalamika ati ushindani umeuawa. Wachache waliuliza hizo alama ni mali ya nani.

Kisha simu ikaingia. Tuma namba ya mtahiniwa, jibu linarudi. Tulidhani aibu ya ubaoni imeisha, kumbe jirani akiipata namba yako anajua gredi yako kabla wewe mwenyewe hujaijua.

Sheria ilikuwa inakuja polepole. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, ilitupa haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikasema habari za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Walimu wakuu wengi walishtuka: kumbe picha ya mwanafunzi si ya shule!

Lakini orodha ya karo bado iko, siku hizi inatumwa kwa grupu ya WhatsApp ya wazazi, jina la mtoto na deni lake. Karatasi yangu ilinyeshewa na mvua, na tulipofungua shule haikuwepo. Ya huyu mtoto imeshahifadhiwa kwa simu za wazazi wote wa darasa.