Buddha na kelele ya wavuvi: historia fupi kwa sisi wa kando ya ziwa

Kila mtu wa Uvira anajua kelele ya Kalundu asubuhi, wakati mitumbwi inarudi na ndagala. Mwenye samaki anaita, wamama wauzaji wanavutana beseni, kila mmoja anapandisha sauti kuliko mwenzake. Hatushangai, juu ni kazi. Lakini ni wachache wanaojua kwamba kelele ya namna hiyo iko katika vitabu vya zamani vya dini ya Buddha, na kwamba Buddha mwenyewe aliitaja siku alipowafukuza wanafunzi wake.

Nimeichagua historia hii juu hapa kwetu maneno ya kelele yamekuwa magumu. Kuna bafle za nganda, kuna bafle za vyumba vya maombi, na usiku zote zinakutana katika avenyu moja. Ukimwomba mwenye nganda apunguze, utaambiwa una wivu. Ukimwomba wa maombi, utaitwa mchawi. Basi watu wananyamaza na kulala na hasira. Na kama jina la Wabuddha linatajwa, wengi wetu tunawaza watu waliofumba macho, wasiosema na wasiocheka. Historia yao haiko hivyo.

Twende kwanza Catuma, kwa Wasakya, ukoo wa Buddha mwenyewe, karibu karne ya 5 kabla ya Kristo. Watawa kama 500 wanafika kumsalimia, wakiongozwa na wanafunzi wake wakubwa wawili, Sariputta na Moggallana. Munajua wageni wakifika. Wanasalimiana na wenyeji, wanatafuta pa kulala, wanapanga mabakuli na nguo. Makelele yanapanda. Buddha anamwuliza Ananda: hao ni nani, mbona wanapiga kelele kama wavuvi wanaovuta samaki? Anawaita, kisha anawafukuza wote. Wageni 500 wanarudi njiani siku ile ile waliyofika.

Sasa mwisho wa habari, na hapo mimi kama mtu wa agronomia nilisimama kidogo. Wasakya wa Catuma wanaenda kuwaombea. Wanamwambia Buddha kwamba kati ya watawa hao kuna wapya, na kwamba wao ni kama miche michanga: ikikosa maji, inaharibika. Tena ni kama ndama asiyemwona mama yake. Yeyote aliyefanya kazi ya mpunga katika bonde la Ruzizi anaelewa bila kufasiriwa. Mche ulioko katika pepinieri hauwezi kungoja. Ukiufungia maji wakati ule mubaya, utageuka njano, na hata ukiurudishia maji baadaye hautazaa kama wenzake. Buddha alikubali, watawa wakarudishwa. Kosa lao lilikuwa la kweli, lakini adhabu ingeua kilichokuwa kinaota.

Baadaye mambo hayo yakawekwa katika sheria. Katika Vinaya, yaani vitabu vya sheria za watawa, kuna kanuni 75 za adabu ya kila siku. Baadhi yake zinagusa sauti: mtawa akipita kati ya nyumba za watu, au akikaa humo, asicheke kwa nguvu na asipandishe sauti. Maelezo ya kanuni yanaongeza kwamba jambo likichekesha kweli, anaweza kutabasamu. Sababu yake si ngumu kuiona. Mtawa hakulima, hakupika. Alikula kile ambacho wenye nyumba walimwekea katika bakuli. Mtu anayelishwa na kartie hawezi kuisumbua kartie.

Kuna pia kanuni ya kutekenya. Ndiyo, kutekenya kwa vidole! Kitabu kinasimulia kwamba kikundi cha watawa sita, maarufu kwa utundu, walimtekenya mwenzao mmoja. Alicheka mpaka akakosa pumzi, akafa. Tangu hapo ikawa kosa. Ukiisoma haraka utacheka wewe pia, lakini angalia inasema nini: aliyekuwa anacheka hakuwa anafurahi. Kicheko kilikuwa cha wale sita, na yeye ndiye aliyelipa.

Kama hadithi ingeishia hapo, tungesema Ubuddha ni dini ya kunyamaza. Lakini kitabu hicho hicho cha sheria kina habari ya kinyume. Watawa fulani wa Kosala walikaa pamoja msimu wa mvua, miezi mitatu. Ili wasigombane, walipatana wasisemezane hata neno moja. Mtungi wa maji ukimshinda mmoja, anamwita mwenzake kwa mkono tu, wanaubeba, kila mtu anarudi kimya. Msimu ulipoisha wakaenda kwa Buddha wakiwa na furaha: tumekaa vizuri, hakuna ugomvi. Walifikiri atawasifu. Akawakemea. Aliwaambia kwamba wamekaa kama mifugo, kama kondoo, na akakataza kabisa kiapo cha kutosema.

Mahali pake aliweka desturi inayoitwa pavarana. Mwisho wa msimu wa mvua, kila mtawa anachuchumaa mbele ya wenzake na kuwaomba wamwambie kosa lolote waliloliona kwake, walilolisikia au walilolishuku. Hata mzee anaomba, tena mzee ndiye anayeanza. Ukimya wa kuficha ugomvi ulikataliwa, na kusema ukweli kukapewa siku yake.

Na kicheko? Wasomi wa India ya zamani walikigawa ngazi sita, kuanzia tabasamu mpaka kicheko cha kutikisa mwili mzima, na Wabuddha wakasema Buddha hakuvuka ngazi ya kwanza. Lakini dini ilipofika China, watu walimpenda Budai, mtawa wa karne ya 10 aliyetembea na gunia lake, mwenye tumbo kubwa na kicheko wazi. Ile sanamu ya mtu mnene anayecheka, ambayo mukiiona dukani munaiita Buddha, ni yeye. Dini moja, nyuso mbili.

Hayo yote hayako mbali sana na sisi. Dar es Salaam kuna hekalu lililojengwa na watu wa Sri Lanka wakati wa Waingereza. Karibu na Entebbe kuna Kituo cha Wabuddha cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mwana wa Uganda aliyepokea utawa Marekani mwaka 2002. Yeye ni wa tawi la Theravada, kwa hiyo kanuni zile 75 ni zake pia, kando ya ziwa la Afrika.

Tusiwafanye malaika, lakini. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Sri Lanka, nchi yenye Wabuddha wengi, ililazimika kuzuia vipaza sauti kuanzia saa nne ya usiku mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi, kwa dini zote. Mwaka 2016 kule Mandalay, Myanmar, mtalii wa Uholanzi alichomoa waya wa mashine iliyokuwa inatoa mahubiri ya Kibuddha usiku, akahukumiwa miezi mitatu ya kazi ngumu. Kama Catuma ilikuwa shule, wengine walitoroka masomo.

Majirani zetu wa Rwanda walichukua njia ya serikali: mwaka 2018 mamia ya makanisa yalifungwa, kelele ikiwa sababu moja kati ya nyingine, kama majengo yasiyo salama. Serikali inaweza kufunga mlango. Haiwezi kufundisha majirani kusemezana.

Kwa maoni yangu, historia hii inatupa maswali mawili kuliko jibu moja. La kwanza ni la mwenye bafle, awe wa nganda au wa maombi: furaha yako ya saa tisa ya usiku inalipwa na nani? Kuna mama mwenye mtoto wa wiki mbili nyuma ya ukuta, kuna mgonjwa, kuna mwanafunzi mwenye mtihani kesho. La pili ni letu sisi tunaonyamaza: ni lini mara ya mwisho tulimwambia jirani mchana, kwa heshima, bila polisi na bila matusi? Watawa wa Kosala nao walidhani amani ni kutosemezana.

Tuanze na avenyu zetu. Kila avenyu ina shefu wake, na kikao si kitu kigeni kwetu. Mara moja kwa mwaka, mvua zikiisha, tungeweza kukaa chini na kila mtu aseme: niambieni ni wapi ninawasumbua. Na mwenye bafle kubwa kuliko zote aanze yeye.