Ex-UK na Wufa Mpya: Mashindano ya Sauti Thika na Ruiru

Apitaye madukani mwa Ruiru na Thika, penye vibao vilivyoandikwa Ex-UK, hukuta redio kubwa za Kenwood, Technics na Sony zilizokwisha kutumika katika nyumba za Uingereza, zikishindana kwa bei na wufa mpya zitokazo China, zenye kuwaka taa za rangi rangi. Na bishano la kipi kilicho bora halijapata kadhi wa kulikata.

Vyombo vya Uingereza vimeshika soko hili kwa sababu ya urithi wa kikoloni uliomo ukutani: umeme wetu ni volti 240 kama uliokuwa wao, plagi ni ile ile ya meno matatu, na masafa ya FM hufika megahezi 108, ilhali redio za zamani zilizoundwa kwa soko la Japani huishia 90, jambo alijualo kila aliyeagiza gari huko.

Kabla ya vyombo hivyo palikuwa na santuri za mizunguko 45 kwa dakika, zilizoeneza katika miaka ya 1970 magitaa ya Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, bendi iliyotwaa jina la mlima uonekanao kutoka Thika. Kisha kaseti, iliyozinduliwa na Philips mwaka 1963, ikazishinda kwa wepesi wa kunakiliwa.

Spika hata leo hufuata kanuni waliyoidhihirisha Rice na Kellogg wa Marekani mwaka 1925, koili iliyo ndani ya sumaku ikiisukuma koni, nayo hudai sumaku nzito, koni pana na sanduku la mbao lisilotetemeka, vitu hasa avibaniavyo mtengenezaji wa wufa rahisi, kisha akafidia kwa kuandika kwenye katoni maelfu ya wati za PMPO, yaani kilele cha nguvu cha kinadharia, hesabu ambayo kwa rai yangu ni ya mchuuzi wala si ya fundi.

Amplifaya ni shauri jingine. Kazi iliyohitaji transfoma la kilo kadhaa sasa hutendwa na chipu ndogo ya aina ya D, kwa usafi usiopungua wa vyombo vingi vya zama zile, bila kapasita zilizokauka kwa uzee. Fauka ya hayo, mzingo wa sponji kwenye koni kuukuu huoza, hata ukiugusa hubomoka. Asiyefunua kitambaa cha mbele kabla ya kulipa asimlaumu mwuzaji.

Basi anunuaye na achukue masanduku ya Ex-UK, fundi wa redio ambadilishie sponji, ayaunganishe na amplifaya mpya ya bei nafuu. Wapangaji wa Ruiru, ambako ukuta mmoja hutenga jamaa mbili, huenda wakawa na rai nyingine.