Praiveti Chitete na koplo wa Kitanzania

Katika jeshi lolote, praiveti ndiye anayeamriwa na kila mtu. Hakai kwenye kikao cha kupanga operesheni, na jina lake ni nadra kuvuka geti la kambi. Chancy Chitete wa Jeshi la Ulinzi la Malawi alikuwa na cheo hicho Novemba 14, 2018, katika msitu wa Beni, mashariki mwa Kongo, pale koplo wa Kitanzania alipoanguka mahali peupe, kajeruhiwa vibaya, hawezi kujisogeza, na risasi za adui zinamfikia. Chitete alimfuata.

Koplo huyo, Ali Khamis Omary wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), alipona. Chitete alikufa.

Safari iliyowakutanisha vijana hao ilianzia mbali na Beni. Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma huku walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakiwa mjini humo humo. Aibu ile ilizaa uamuzi ambao haukuwa wa kawaida. Machi 28, 2013, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi ya kujibu mashambulizi, FIB, iliyoruhusiwa kuyafuata makundi yenye silaha na kuyavunja nguvu badala ya kungoja yashambulie. Nchi tatu zilitoa askari: Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kufikia Novemba 2013, jeshi la Kongo likisaidiwa na brigedi hiyo lilikuwa limeishinda M23.

Kuna jambo la kukumbuka hapa. Mwaka 2012 Tanzania na Malawi zilikuwa zimerudi kwenye mvutano wao wa zamani kuhusu ziwa ambalo upande mmoja wanaliita Nyasa na upande mwingine wanaliita Malawi. Malawi ilidai ziwa lote hadi ufukwe wa Tanzania, Tanzania ikashikilia kuwa mpaka unapita katikati ya maji, na habari za kutafuta mafuta chini ya ziwa zikauchochea zaidi ugomvi huo. Mwaka uliofuata, askari wa nchi hizo hizo mbili walikuwa chini ya kamanda mmoja, wakilindana migongo katika nchi ya tatu.

Baada ya M23 walibaki waasi wa ADF, na hao walikuwa adui wa aina nyingine kabisa. Kundi hilo lilizaliwa magharibi mwa Uganda miaka ya 1990, likahamia upande wa Kongo na kujichimbia katika misitu ya Beni. Kuanzia Oktoba 2014 raia wa huko walianza kuuawa kwa mapanga na risasi, kijiji baada ya kijiji. Walinda amani nao hawakusalimika. Desemba 7, 2017, kambi ya Watanzania ya Semuliki ilishambuliwa kwa saa nyingi. Wanajeshi 15 wa JWTZ walipoteza maisha na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema hilo lilikuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo. Misiba ilifika Bara na Visiwani.

Kisha ikaja Ebola. Mlipuko ulitangazwa Kivu Kaskazini Agosti 1, 2018, na Beni ikawa miongoni mwa vitovu vyake. Kufikia Novemba ulikuwa umeshakuwa mkubwa kuliko wowote uliowahi kuikumba Kongo. Kuukata ugonjwa huo kunahitaji wahudumu waende nyumba kwa nyumba, wawatafute waliokutana na wagonjwa na kuwachanja. Kila ADF waliposhambulia, kazi hiyo ilisimama. Ndiyo maana operesheni ya Novemba dhidi ya ngome yao ya Kididiwe, karibu na mji wa Beni, ilikuwa pia operesheni ya kuokoa watu na maradhi.

Wamalawi na Watanzania waliingia huko pamoja na jeshi la Kongo, na wakakutana na moto mkali. Walipokuwa wakirudi nyuma, Koplo Omary alibaki amelala wazi. Aliyewahi kufunzwa uaskari anajua uzito wa kumvuta mtu mzima aliyevaa zana zake, mtu asiyeweza kukusaidia hata kwa mguu mmoja. Mikono yako imeshika majeruhi, kwa hiyo bunduki yako haikulindi tena. Chitete alimburuta koplo hadi mahali palipokuwa na nafuu, akaanza kumpa huduma ya kwanza, na akiwa katika kazi hiyo akapigwa risasi. Wote wawili waliondolewa eneo la mapigano, lakini majeraha ya Chitete yalikuwa makubwa mno.

Walinda amani wanane wa nchi hizo mbili walikufa katika mapigano yale, wengi wao Wamalawi. Askari wa Kongo pia waliuawa.

Ushujaa wa vitani umezoea kuhesabiwa kwa adui waliouawa na bendera zilizotekwa. Wa Chitete haumo katika hesabu hiyo. Alichokiteka ni uhai wa mtu mmoja, tena asiye wa jeshi lake wala wa nchi yake, na kwa maoni ya mwandishi huyu hilo linatosha kumweka mbele ya majenerali wengi wenye sanamu mijini. Makuruta wa JWTZ wanaofundishwa kubeba majeruhi wanastahili kulijua jina lake.

Umoja wa Mataifa ulilitambua. Mei 24, 2019, mjini New York, Guterres aliikabidhi familia ya Chitete nishani ya Kapteni Mbaye Diagne ya ushujaa wa kipekee.

Diagne mwenyewe alikuwa Msenegali, mwangalizi wa kijeshi asiyebeba silaha, aliyekuwa Kigali wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Aliwaficha watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana siku mama yao alipouawa. Baadaye akawa anapakia watu wachache wachache kwenye gari lake na kuwavusha vizuizi vya wanamgambo wa Interahamwe, akitumia ucheshi, sigara na maneno matamu. Kombora lilimuua Mei 31 mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 36. Nishani yenye jina lake iliundwa mwaka 2014, na mwaka 2016 mjane wake akawa wa kwanza kuipokea. Wa pili alikuwa Chitete. Mwaka 2022 ilitolewa tena, kwa Kapteni Abdelrazakh Hamit Bahar wa Chad, aliyeuawa Aguelhok, kaskazini mwa Mali, mwaka 2021.

ADF wanaendelea kuua raia wa Beni na majirani zao wa Ituri. M23 nayo ilifufuka mwishoni mwa 2021, na Desemba 2023 Jumuiya ya SADC ilipeleka majeshi Kivu Kaskazini kuikabili. Askari walitoka katika nchi zile zile tatu: Afrika Kusini, Tanzania na Malawi.